Nasoro Alikuwa Ameacha Bangi

Mume wangu Nasoro alikuwa mkamuaji wa mawese hapa Rumonge, na kwa miaka mingi alivuta bangi. Naanza na bangi kwa sababu watu wote huanza nayo. Ukimtaja sokoni utaulizwa, "Nasoro yupi, yule wa bangi?" Hawamtaji Nasoro aliyenioa mimi, Sikujua, mwanamke niliyerudishwa kwetu na mume wa kwanza kwa kukosa mtoto, akaniweka ndani na asinisimange hata siku moja. Nasoro huyo ninamjua mimi peke yangu, basi acha nimseme mimi.

Wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, wakajenga katika mtaa wetu wa Waswahili. Kazi ya kukamua aliianza akiwa kijana. Kinu cha mawese ni pipa la chuma lenye parafujo katikati, na juu ya parafujo umefungwa mti mrefu. Watu wawili wanausukuma mti ule wakizunguka pipa tangu asubuhi hadi alasiri, na chikichi zilizochemshwa zinabanwa humo ndani mpaka mafuta yanatoka chini. Mtu akizunguka hivyo kutwa, anaposimama yeye, dunia haisimami. Nasoro aliniambia siku za kwanza alikuwa akilala chini na kushika majani ili asianguke. Wakamuaji wakubwa wakamcheka, wakamwambia dawa ya kizunguzungu ni moshi. Nusu ya wakamuaji wa pwani hii walianza hivyo. Hakuna aliyetafuta starehe. Walitafuta namna ya kusimama wima jioni.

Lakini moshi ule haukubaki kinuni. Ulimfuata nyumbani. Nilipoolewa naye alikuwa anavuta kabla ya chai, na asipopata anakaa ukutani akitetemeka, hataki chakula, hataki kuzungumza. Hakunipiga. Alikuwa anapotea tu, yupo na hayupo.

Serikali ya Wabelgiji ilikuwa na dawa moja kwa watu kama yeye, nayo ni kasho. Walimkamata mara kwa mara. Kasho ilikuwa nyuma ya ofisi, chumba kimoja chenye dirisha la kupitisha mkono, na mfungwa analishwa na watu wake. Mimi nilikuwa napeleka ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, naukabidhi mlangoni, na nikifika nasikia harufu ya bangi ikitoka dirishani. Askari waliokuwa wamemfungia kwa kuivuta ndio waliokuwa wakiwauzia wafungwa. Anatoka humo amekonda zaidi na anavuta zaidi.

Ilipofika siku ya uhuru, walifungua kasho. Watu walipiga ngoma mpaka Minago. Nasoro alitoka kipofu kwa jua, akaniuliza, "Sasa ni nani anatutawala?" Nikamjibu, "Ni sisi wenyewe, wanasema." Nilikuwa na furaha kweli. Nilidhani mtu wa nchi yako hawezi kukufungia mumeo kwa ugonjwa. Kabla mavuno ya chikichi hayajaisha walikuwa wamemrudisha ndani, chumba kile kile, dirisha lile lile. Mkuu mpya wa komini, ofisi ya serikali ya hapa kwetu, alikuwa na kofia nyingine tu.

Miaka ikapita hivyo. Nilitaka jambo moja katika maisha yangu, mume wangu awe nyumbani, akili zake zikiwa nyumbani pia. Sikuomba mali wala mtoto tena. Niliomba hilo.

Kisha akaja Mushagalusa. Alikuwa mganga wa dispanseri, Mkristo kutoka upande wa Bukavu, aliyekimbia vita vya Kongo akapewa kazi hapa kwetu. Mtu mrefu, mpole, Kiswahili chake kimejaa Kongo. Alikuwa anaitwa kasho kila mfungwa akianguka, akachoka. Siku moja alimfuata mkuu wa komini mbele ya watu waliokuwa wakingoja kulipa kodi, na mimi nilikuwepo na bakuli langu. Akamwambia, "Bwana mkuu, hawa watu iko wagonjwa. Malaria hatuifungii kasho. Kwa nini tunafungia hii?"

Mkuu wa komini hakuwa mtu mbaya. Alisema Bujumbura nako kuna wakubwa wanaojadili jambo hilo hilo, kama wavutaji wafungwe au watibiwe. Wanataka kuona mahali pa kujaribia. Pakifaa, nchi nzima itafuata. "Jaribu wewe," alimwambia. "Wakikukimbia, utakaa wewe kasho badala yao."

Basi Nasoro na wenzake wachache wakahamishwa, kutoka kasho mpaka nyumba ya matofali nyuma ya dispanseri. Mlango haukuwa na kufuli. Nilimuuliza Mushagalusa dawa ni nini. Akasema dawa kubwa hana. Mikono yao ilihitaji kazi na midomo yao ilihitaji kitu. Akawapa shamba la mihogo walime, na kila mtu kipande cha muwa atafune. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Nasoro alitokwa jasho hadi mkeka ukalowa, hakulala, alimtukana mganga na kunitukana mimi. Na hakula. Nilipika kila nilichojua, samaki wa kuchoma, sombe ya majani ya mihogo yenye mawese mapya, akasukuma bakuli.

Aliyemlisha alikuwa Radjabu.

Lazima nimweleze Radjabu. Yeye na Nasoro walikuwa watani. Wazee wa Radjabu walitoka Ujiji, wazee wa Nasoro walitoka Kongo. Walipokutana pwani hii walipigana, kisha wakapatana, wakaachia wajukuu utani. Mtani anakutukana mbele ya mkweo na huruhusiwi kununa. Anaingia jikoni kwako na kufunua sufuria. Ukifiwa, yeye ndiye anayelala juu ya jeneza la mama yako na kusema halitoki mpaka apewe jogoo, na wewe unacheka katikati ya machozi, ndiyo kazi yake. Neno la mtani haliwekwi moyoni. Hiyo ndiyo sheria.

Radjabu alikuwa mshona nguo, mnene, mwenye sauti ya adhana. Aliingia katika nyumba ile ya matofali bila hodi.

"Amahoro, marehemu," alimwambia Nasoro. "Nimeleta sanda. Nimepimia kijiti, maana umekonda."

Mushagalusa akasimama. "Mzee, tafadhali, huyu iko mgonjwa. Toka inje."

"Wewe mganga kaa kando, hii ni mali yangu," Radjabu akasema. Akachukua bakuli langu, akaanza kula chakula cha mgonjwa mbele yake. "Mke wangu Sikujua anapika vizuri. Ukifa nitamchukua yeye na sufuria."

Nasoro alikuwa hajasema neno tangu juzi. Akainua kichwa. "Utamuweka wapi? Kitandani kwako tumbo lako limejaa peke yake."

"Nitalala inje."

"Na mvua?"

"Nitajifunika hiyo suruali yako, sasa inatosha watu wawili."

Nasoro akanyoosha mkono akamnyang'anya bakuli, akala, kwa hasira tu, ili mwenzake asile. Mushagalusa alinitazama, mimi nikatazama chini nisicheke. Tangu hapo mganga mwenyewe alikuwa anampitia Radjabu dukani kwake saa ya chakula. "Mzee, twende ukamtukane," anamwambia.

Nasema haya yote kwa sababu ni kweli. Radjabu alimrudisha mume wangu duniani. Mtu asije akadhani sikuliona.

Nasoro alipokuwa ameacha kabisa, anacheka na kulala usingizi, tukapata shida nyingine. Askari walikuwa wamemzoea. Wangemwona njiani wangemkamata kwa mazoea tu. Mushagalusa alisema yafaa watu wajue. Kulthumu, shangazi yake Nasoro, mwanamke aliyewahi kufiwa na waume na kuzitoka eda zao zote, ndiye aliyepata wazo.

"Mtu akitoka kasho anatoka kwa aibu, anapita nyuma ya nyumba," alisema. "Mjane akitoka eda tunamuogesha, tunamvika nguo mpya, tunamfukiza udi, tunampitisha mlango kwa mlango, kila mtu anajua amemaliza. Na huyu amemaliza. Basi atoke kama mjane."

Mtaa mzima ulicheka, kisha mtaa mzima ukakubali. Tulimuogesha asubuhi, Radjabu akamshonea kanzu bila kudai kitu, udi ukawashwa chini ya upindo mpaka Nasoro akakohoa. Tukatoka naye. Radjabu mbele anapiga debe, wanawake nyuma tunapiga vigelegele.

"Njooni mumuone," Radjabu alikuwa akiita. "Huyu ndiye Nasoro wa bangi. Alikuwa anakula moshi, sasa anakula ugali wa watu. Fungeni majiko."

Hatukuzunguka mtaa wetu tu. Tulipita soko la samaki, tukapita maduka ya Waarabu, tukapita kambi ya askari makusudi, tukasimama mbele ya komini. Watu wa milimani walioleta ndizi waliacha mizigo yao wakatazama. Mkuu wa komini alitoka, akampa Nasoro mkono mbele ya wote, na kusema, "Huyu asiguswe tena." Nasoro aliinamisha kichwa. Alikuwa ananuka udi na sabuni. Hiyo ilikuwa siku yangu njema kuliko siku zote nilizopewa, na sasa siwezi kuikumbuka bila kuiona njia yote ile tuliyopita na kila jicho lililotuona.

Jina lilimganda. Alikuwa Nasoro bin Asmani, akawa Nasoro wa Bangi, yeye aliyeacha, wakati waliokuwa wakivuta bado walibaki na majina yao safi. Hakujali. Alirudi kinuni, na kizunguzungu kilipomjia alikaa chini kama mwanzoni, akashika majani, kikapita. Mushagalusa alimtumia wagonjwa wapya. Walikuja wavuvi kutoka Kabonga, vijana kutoka Minago, mama zao wakiwashika mikono, wanauliza njiani, "Kwa Nasoro wa Bangi ni wapi?" Na kila mtu aliweza kuwaonyesha, hata askari. Nyumba yetu ilijaa watu wanaotetemeka na vipande vya miwa. Mimi niliwapikia. Walisema huko Bujumbura wakubwa wamefurahi, kwamba labda sheria itabadilika kila mahali, kasho zitabaki za wezi. Niliamini hayo pia.

Mwaka wa sabini na mbili, mwisho wa mwezi wa nne, wakaja watu wenye mapanga, wameiasi serikali. Sitaeleza waliyofanya. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wamesikia. Tulikimbilia ndani ya michikichi tukakaa huko, mimi na Nasoro na shangazi Kulthumu, tukisikia. Tulipotoka, askari wa serikali walikuwa wamefika kwa malori, na kisasi chao kilikuwa kirefu kuliko zile siku za mapanga. Sisi Waswahili tulidhani hakituhusu. Tulisema sisi si wa huku wala kule, sisi ni watu wa biashara na samaki.

Lakini ilikuwa imevuma kwamba wale wa mapanga walikuwa wamevuta bangi ili wasiogope, na kwamba wengine walivuka kutoka Kongo. Kutoka hapo hesabu ilikuwa rahisi. Wakaanza kutafuta watu wa bangi na watu wa Kongo. Mushagalusa alikuwa wa Kongo, na nyumba yake ya matofali ilikuwa ya bangi. Mvuvi mmoja alimvusha ziwa mchana, amejifunika nyavu. Hakutuaga, na sijui tungemwambia nini. Kwa hiyo mtu mwenye elimu ambaye angeweza kutusemea hakuwepo.

Waliita mitaa komini, mmoja mmoja. Zamu yetu ilipofika tulikaa chini juani, wanaume mbele, wanawake nyuma. Alikuwepo ofisa ambaye hatukumjua, si wa Rumonge, na mkuu wetu wa komini hakuonekana. Radjabu alikuwa amesimama kando ya ofisa, kwa kuwa siku hizo alikuwa amefanywa shefu, msimamizi wa mtaa.

Ofisa akauliza, "Hapa nani anavuta bangi?"

Akauliza tena. Mtu mmoja mbele, sikuona ni nani, akasema kwa sauti ndogo, "Iko Nasoro wa Bangi." Nafikiri alitaka tu swali lipite.

Nasoro alisimama mwenyewe. "Ni mimi. Niliacha. Sivuti tena, miaka sasa."

"Kila mtu ameacha leo," ofisa akasema. Akamgeukia Radjabu. "Wewe ndiye shefu. Huyu unamfahamu?"

"Ninamfahamu."

"Alivuta bangi?"

"Alivuta."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona."

"Wazee wake walitoka wapi?"

"Kongo," Radjabu akasema.

Kisha akanyamaza. Sisi wote tulikuwa tunangoja. Nasoro alikuwa anamtazama, tena kwa uso wa mtu anayejua mwenzake bado hajamaliza sentensi, kama anavyongoja tusi lifike mwisho ili alijibu. Neno moja lilibaki. Ameacha. Angesema tu: mimi nilitembea naye mji mzima nikipiga debe, kila mtu hapa ni shahidi, ameacha. Radjabu aliangalia viatu vya ofisa.

Nikasimama nikasema, "Radjabu, sema lililobaki."

Askari alinisukuma nikakaa. Sikunyamaza. Nilisema, "Sema ameacha. Ulimshonea kanzu wewe." Radjabu hakugeuza shingo. Walimpandisha Nasoro kwenye lori pamoja na wengine. Alipokuwa juu alinitafuta kwa macho, akaniona, akainua mkono kidogo. Sijamwona tena.

Nilikwenda komini mpaka wakanichoka. Waliniambia wamepelekwa Bujumbura kuulizwa. Nilikwenda Bujumbura nikaulizia magerezani, nikaambiwa hawajui jina hilo. Niliporudi, nyumba ya matofali ilikuwa imefungwa, shamba la mihogo limeshachimbwa na watu. Na kasho ikafunguliwa tena kwa wavuta bangi, maana hakuna mkubwa ambaye angethubutu sasa kusema hawa ni wagonjwa. Siku hizi wanavuta vichakani, wamejificha, na mama zao wanawafichia. Mwezi uliopita alikuja mwanamke mmoja wa Minago na mwanawe anayetetemeka, akaniuliza afanye nini. Zamani ningemwambia amlete mbele za watu. Nilimpa muwa, nikamwambia amfungie ndani asimtajie mtu. Najua haiponyeshi.

Radjabu hakuja kwangu. Alituma wazee. Walikaa barazani kwangu, wakanywa chai yangu, wakasema Radjabu aliogopa, ana watoto, wale walikuwa na bunduki. Nikasema hayo nayajua, hata mimi niliogopa. Wakasema hakusema uongo. Nikasema hilo pia najua. Kisha mmoja wao, ambaye alikuwepo pale juani na hakufungua mdomo, akaniambia, "Mama Sikujua, Radjabu ni mtani wenu. Neno la mtani haliwekwi moyoni. Ukimwekea kinyongo, kosa litakuwa lako."

Hapo ndipo waliponiumiza. Kama angekuwa mtu baki ningeruhusiwa kumlaani, na mtaa ungenisaidia. Kwa kuwa alikuwa mtani, mimi ndiye niliyekuwa mkosaji kwa kulia. Hata shangazi Kulthumu, aliyempoteza mtoto wa kaka yake, aliniambia nilegeze. "Tumebaki wachache, mwanangu. Tukianza kuhesabiana hatutazikana." Alikuwa na haki, labda. Lakini sikuweza.

Mwisho wa mwaka ule, mvua zilipoanza, mama yake Radjabu akafariki. Kizee chema, sikuwa na neno naye. Msiba ule ulikuwa na kazi yangu ndani yake. Nasoro hayupo, basi mimi mkewe ndiye mtani wa nyumba ile. Nilitakiwa niingie na jivu usoni, nizuie jeneza, nimwambie Radjabu mama yake ametoroka deni, nidai jogoo, nimchekeshe. Mtaa wote ulikuwa unangoja kuona kama nitakwenda. Nikienda, mambo yamekwisha.

Nilikwenda. Nilivaa kanga safi. Radjabu alikuwa amekaa nje na wanaume, amekonda sana, ule mwili wote umeisha. Aliponiona alisimama haraka, na niliona uso wake ukifunguka.

"Mtani, umekuja," alisema. "Tutukane basi. Tumekaa hapa tangu asubuhi kama watu wasio na watani."

Watu wakaanza kutabasamu, wamenigeukia.

Nikasema, "Poleni na msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu."

Nikapita ndani, nikakaa na wanawake mkekani. Nililia kidogo kama jirani yeyote, nikasaidia kuosha mchele. Jeneza lilipotolewa, wabebaji walisita mlangoni, mahali ambapo mtani husimama. Walinitazama. Mimi niliendelea na mchele. Wakatoka naye, hakuna aliyewazuia.

Walipotoka makaburini, Radjabu alinikuta nje nikivaa ndara zangu niende zangu.

"Hata neno moja, Sikujua?" akaniuliza.

"Nimesema pole."

"Pole wanasema wageni."

"Ndiyo," nikamwambia, nikaenda nyumbani.